Kiraka begani, chingamu mfukoni: dawa mbili zilizonitoa kwenye sigara

Nikisikia mtu anasema viraka vya nikotini, vile vya kubandika kwenye ngozi ili kuacha sigara, havifanyi kazi, huwa namuuliza kwanza: ulianza na cha nguvu gani, na ulikivaa kwa wiki ngapi? Mara nyingi jibu ni kwamba alichukua kidogo kwa kuogopa, akakivaa siku chache, arosto, yaani tabu ya kukosa nikotini, ikambana, akanunua pakiti. Chingamu ya nikotini nayo inasemwa vibaya: chungu, inachoma koo, inaleta kwikwi. Mimi nimevitumia vyote viwili kwa pamoja, nikaachana na fegi niliyoianza nikiwa kijana, na mpaka leo sijairudia. Kwa hiyo maoni haya ni ya vitu hivyo viwili vikiwa jozi. Naona vinaonewa vinapohukumiwa kimoja kimoja.

Kazi yangu ni kuchomelea vyuma. Nataja hilo kwa sababu ni kazi ya joto, jasho na mapumziko mafupi mengi, na kila pumziko lilikuwa na sigara yake. Ukimaliza mshono unawasha. Ukisubiri chuma kipoe unawasha. Mteja akichelewa, unawasha. Dawa iliyoweza kuvumilia siku ya namna hiyo naiheshimu.

Ndani ya kiraka hakuna muujiza. Ni nikotini ileile ya kwenye tumbaku, ila imekuja bila moshi. Hapa ndipo wengi hukwama, wanasema unatoa sumu unaweka sumu. Si kweli. Nikotini ndiyo inayokufunga, lakini kinachoua ni moshi. Moshi wa sigara una kemikali zaidi ya 7,000, na takriban 70 kati ya hizo zinajulikana kuleta saratani. Una kaboni monoksaidi inayopora nafasi ya oksijeni kwenye damu, na lami inayobaki mapafuni. Kwenye kiraka vyote hivyo havimo. Tumbaku inaua zaidi ya watu milioni 7 duniani kila mwaka, na dawa hizi ziliingizwa kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani mwaka 2009. Mtu anayekwambia ni vitu vya kuchezea hajui anachosema.

Tofauti kubwa ya pili ni kasi. Pafu la sigara linafikisha nikotini kwenye ubongo kwa sekunde 10 hadi 20, na kasi hiyo ndiyo inayoufundisha mwili kudai tena na tena. Kiraka kinaipenyeza kwenye ngozi polepole kwa saa nyingi. Hakuna raha ya ghafla. Anayekivaa akitarajia kusikia kile alichokisikia kwenye pafu la kwanza la asubuhi atakibandua kwa hasira. Kazi yake ni kukuzuia usizame, basi. Ukikidai zaidi ya hapo utakuwa unakionea.

Kuhusu nguvu, nilibahatika kuhudumiwa na mfamasia anayejua kazi yake. Hakuniuliza navuta pakiti ngapi. Aliniuliza:

"Kaka, ukiamka asubuhi, sigara ya kwanza unaiwasha baada ya muda gani?"

"Kabla sijanawa uso, dada."

"Basi kiraka cha miligramu 14 hakitakufaa. Tunaanza na 21."

Baadaye nikajua swali hilo limo kwenye kipimo cha utegemezi kilichotungwa na mwanasaikolojia wa Sweden, Karl Fagerström, na ni swali zito kuliko linavyoonekana. Usiku kucha mwili umekaa bila nikotini, na nusu ya nikotini iliyopo kwenye damu hutoka kila baada ya saa mbili hivi. Anayewasha kabla ya nusu saa kupita tangu aamke amefungwa sana, hata kama kwa siku nzima havuti nyingi.

Viraka vya saa 24 vina ngazi tatu: miligramu 21, 14 na 7. Mpango wa kawaida kwa mtu anayevuta zaidi ya sigara 10 kwa siku ni wiki 6 za 21, wiki 2 za 14, kisha wiki 2 za 7. Anayevuta 10 au chini ya hapo huanzia 14. Vipo pia vya saa 16, vya miligramu 25, 15 na 10, ambavyo hubanduliwa wakati wa kulala. Mimi nilichagua vya saa 24 kwa ajili ya asubuhi tu. Kiraka kipya huchukua saa kadhaa kupandisha nikotini, kwa hiyo aliyelala bila kitu anaamka mtupu na kuanza siku kwa vita. Kwa mtu wa aina yangu hiyo ndiyo saa ya hatari kuliko zote.

Ila usiku kina gharama yake. Ndoto! Zilikuja kali, zenye rangi, zenye watu ambao sikuwakumbuka kwa miaka mingi, na nyingine ziliniamsha. Hilo linajulikana na limeandikwa kwenye karatasi ya maelekezo, lakini limeandikwa kwa maandishi madogo mno, na mtu asiyelitarajia anaweza kudhani anachanganyikiwa. Kama ndoto zinakushinda au usingizi unakimbia, kibandue kabla ya kulala na ubandike kingine asubuhi. Inaruhusiwa. Mimi nilivumilia, na baada ya muda zilipungua zenyewe.

Kwenye jasho nilikuwa na wasiwasi nacho, na kilinishangaza. Siri yote ipo kwenye ngozi kabla hujabandika: iwe safi, kavu kabisa, isiyo na nywele, isiyo na kidonda, na isiyopakwa mafuta. Hili la mafuta lisemwe kwa sauti, maana mtu akishaoga mkono unaenda kwenye mafuta wenyewe bila kufikiri. Bandika kwanza, jipake baadaye sehemu nyingine. Kandamiza kwa kiganja kwa sekunde kama 10, hasa pembeni. Mimi nilikuwa naweka nyuma ya bega, upande usiotazama moto, kwa sababu joto likipiga juu ya kiraka ngozi hupitisha nikotini haraka kuliko inavyotakiwa, na kichwa kikaanza kukuzunguka au tumbo kuchafuka. Kwa kazi za tanuri, za jikoni au za juani, hilo ni la kuzingatia. Kesho yake hamisha mahali, na usirudie palepale mpaka wiki ipite. Kuwashwa kidogo na wekundu ni kawaida. Upele unaosambaa si kawaida, onyesha. Na usikikate kwa mkasi ili upunguze dozi.

Cha mwisho kuhusu kiraka: kilichotumika bado kina nikotini ya kutosha kumdhuru mtoto au mnyama. Kikunje upande wa gundi kwa gundi na ukitupe mbali na mikono midogo. Na ukienda kupigwa picha kwa mashine ya sumaku (MRI) hospitalini, mwambie mhudumu, kwani baadhi ya viraka vina karatasi ya aluminiamu ndani na vinaweza kuunguza ngozi.

Sasa chingamu, ambayo naipenda zaidi, ingawa ndiyo inayosemwa vibaya zaidi.

Historia yake inanigusa. Mwaka 1967 mwanakemia wa Sweden, Ove Fernö, alipata barua kutoka kwa mtafiti mwenzake, Claes Lundgren. Lundgren alikuwa ameona kwamba mabaharia wa nyambizi, wakiwa chini ya maji ambako kuwasha sigara haiwezekani, wanageukia tumbaku ya mdomoni, na inawatosha. Kutokana na barua hiyo wakaanza kutafuta namna ya kupitisha nikotini safi mdomoni. Kufika mwaka 1984 hata Marekani ilikuwa imeidhinisha chingamu hiyo kama dawa. Ninapoitafuna huwa nawafikiria wale mabaharia. Walikuwa na kiu kama yangu na hawakuwa na pa kuvutia.

Kwa hiyo tuanzie hapo: hii ni dawa inayoingilia kwenye ngozi ya mdomo. Jina la chingamu linawapotosha watu. Ukiitafuna mfululizo kama chingamu ya kawaida, nikotini inatoka kwa wingi, unaimeza na mate, inaenda tumboni ambako haisaidii kitu. Matokeo yake ndiyo yale yanayolalamikiwa: kwikwi, kiungulia, koo kuwaka, kichefuchefu. Inavyotakiwa ni hivi. Itafune taratibu mpaka usikie ladha kama ya pilipili au mdomo unachonyota. Acha. Isogeze katikati ya shavu na ufizi, itulie hapo. Mchonyoto ukiisha, tafuna tena kidogo, kisha ihamishie shavu la pili. Moja inakaa nusu saa hivi. Kwa robo saa kabla ya kuitumia, na wakati ipo mdomoni, usinywe kahawa, soda wala juisi, maana vinywaji vyenye uchachu vinazuia nikotini isipenye. Ukijisikia dawa haina nguvu, angalia kwanza ulikunywa nini.

Ladha yake, hata ile ya mnanaa, si ya kufurahia. Mimi naona hilo ni jema, kwa sababu haikuvuti kuitafuna bila sababu. Nisichokisamehe ni karatasi yake ya kufunika. Ni ngumu kufungua kwa mikono ya kawaida, sembuse mikono ya fundi iliyotoka kwenye glavu. Naelewa ni ulinzi kwa watoto, na nakubali ulinzi huo. Lakini dakika ile hamu inapokushika, kuhangaika na karatasi ni kero kubwa. Nilizoea kufungua moja asubuhi kabla ya kazi, naiweka kwenye kikopo safi chenye kifuniko cha kubana, kwenye mfuko wa shati, na kikopo hakitoki mwilini mwangu.

Zipo za miligramu 2 na za 4. Anayetumia chingamu peke yake na anawasha sigara ndani ya nusu saa baada ya kuamka anahitaji 4. Mimi nilipewa ya 2 kwa sababu begani tayari kulikuwa na kiraka.

Na hapo ndipo jozi inapoonyesha thamani yake. Kiraka kinashusha ile njaa ya siku nzima, ile hasira isiyo na mwenyewe, kutotulia, kutoweza kusoma ukurasa mmoja hadi mwisho. Lakini kuna hamu ya aina nyingine inayokuja kama shambulio: umemaliza kula, umemaliza mshono mgumu, umegombana na mtu kwenye simu. Hiyo kiraka hakiioni. Inapanda kwa dakika chache, inafika kileleni, inashuka, na katika dakika hizo chache ndimo watu wengi wanamopotelea. Chingamu ni ya dakika hizo. Utafiti umelinganisha watu waliotumia aina moja tu na waliotumia kiraka pamoja na dawa ya haraka kama chingamu, na wa pili ndio wanaofanikiwa zaidi. Sasa kwa nini bado mtu anauziwa kiraka peke yake bila kuambiwa? Hili linaniumiza, kwa sababu najua watu waliokata tamaa wakiwa na nusu ya tiba.

Siku tatu za kwanza ndizo kali. Baada ya hapo arosto inalegea kidogo kidogo, na kwa wengi sehemu kubwa inakwisha ndani ya wiki mbili hadi nne. Mwili wenyewe hausubiri: saa 12 bila moshi zinatosha kaboni monoksaidi kushuka kwenye damu. Kikohozi changu kilizidi kabla ya kupungua, kwa kuwa vile vinyweleo vidogo vya kwenye njia ya hewa vinaamka na kuanza kusukuma uchafu. Niliambiwa mapema, sikuogopa.

Kuna jambo moja ambalo halikuandikwa kwenye paketi yoyote niliyonunua, na nadhani linarudisha watu wengi kwenye sigara: kahawa. Moshi wa sigara unalifanya ini kuvunja kafeini haraka. Ukiacha kuvuta, ini linarudi kwenye mwendo wake, na kikombe kilekile ulichozoea kinakaa mwilini muda mrefu zaidi. Unatetemeka, moyo unakwenda mbio, usingizi unakataa, unasema ni arosto. Kiraka hakizuii hilo, kwani kinachochochea ini ni moshi, nikotini haihusiki. Nilipunguza kahawa kwa nusu na mikono ikatulia, na mikono iliyotulia kwangu ni riziki. Ini hilohilo linahusika pia na baadhi ya dawa za pumu na za magonjwa ya akili. Anayetumia dawa za kila siku amwambie daktari kwamba anaacha sigara, ili dozi iangaliwe.

Sasa yale ambayo jozi hii haiyawezi. Haikupi kitu cha kushika mkononi. Haikutoi kwenye kundi la wavutaji. Kijana ninayefanya naye kazi anavuta, na siku za mwanzo alikuwa akiniona nimenuna ananyoosha pakiti kwa wema kabisa: "Fundi, pafu moja tu, litakutuliza." Nilimkalisha chini, nikamwambia: "Mdogo wangu, ukinipenda usinipe. Hata nikikuomba, usinipe." Akalishika. Ikafika siku nikamwomba kweli, akageuka akaendelea kupiga tupa kama hajasikia. Hakuna paketi ya dawa inayoweza kufanya kile alichofanya yule kijana, na nawashauri wote mtafute mtu wa namna hiyo kabla ya siku ya kwanza.

Mke wangu naye alibeba yake. Alikusanya vibiriti na vyombo vya majivu vyote vya nyumbani akavitoa, akafua mapazia, akasema, "Baba watoto, harufu ikirudi nitaijua." Nami nikaijua. Pua ilipofunguka nilielewa familia yangu ilikuwa inaishi na nini miaka yote ile.

Kuhusu uzito, ndiyo, nilinenepa. Wengi huongezeka kilo 4 au 5 katika mwaka wa kwanza. Haizidi hatari ya sigara hata kwa mbali.

Kushuka ngazi, kutoka 21 kwenda 14, nilikutarajia kuwe kugumu na kulipita kimya. Kilichonitikisa ni wiki niliyobandua kiraka cha mwisho. Si mwili, ni akili, iliyokuwa ikijiambia sasa huna ulinzi. Hapo chingamu ilibaki peke yake na ikatosha. Maelekezo mengi yanasema itumike kwa wiki 12 hivi huku ukiipunguza, na usizidishe 24 kwa siku. Mimi nilikwenda mbele ya hapo kwa ushauri wa mfamasia, moja moja, kwenye misiba, safari ndefu, na pale kuna pombe mezani. Sioni aibu. Ikiwa mtu atahitaji chingamu kwa miezi mingi ili asiwashe, aendelee nayo, kwani moshi ndio adui.

Watu huniuliza kuhusu vidonge. Vipo na ni vizuri: varenikilini, bupropioni, na sitisini, ambayo ilianza kuuzwa Bulgaria tangu miaka ya 1960. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilizipendekeza pamoja na dawa za nikotini, kila moja ikiambatana na ushauri wa mtu aliyefunzwa. Sijazitumia, kwa hiyo sizisifu wala sizikosoi. Kwa mjamzito, mwenye umri mdogo, au aliyepata shambulio la moyo hivi karibuni, uamuzi wa kutumia kiraka au chingamu uwe wa daktari.

Na kwa yule aliyeteleza akavuta moja akiwa na kiraka begani: usikibandue ukadhani yote yameharibika. Kiache hapo, tupa pakiti iliyobaki, tafuna chingamu yako taratibu, na kesho asubuhi bandika kingine upande wa pili.